Tafakari ya Dominika ya Kumi na Tisa

Raphael alikuwa katekista wa kigango cha Lumbani, juu milimani, kwa miaka ishirini na mitatu. Padre hupanda huko mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu. Jumapili nyingine zote ni Raphael aliyeongoza ibada, akasoma Injili na kutoa tafakari. Masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, Mwaka A, B na C, kisha huanza upya, na kila tafakari aliyowahi kuitoa aliiandika kwenye daftari.

Jumamosi moja ya Agosti 2024 alikaa barazani na madaftari ya Mwaka B mapajani. Ndani, mkewe Magreth alikuwa amelazwa kwa ubavu. Kiharusi kilimwangusha kwenye matuta ya njegere siku chache baada ya Pasaka. Tangu hapo upande wa kulia haukufanya kazi, na maneno yalimpotea. Raphael alimgeuza kila baada ya saa mbili tatu, akamwogesha, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akafua mashuka ambayo kwa ukungu wa mwezi ule yalikataa kukauka. Watoto wao wawili wako mbali, mmoja Turiani kwenye miwa, mwingine Dodoma. Walipiga simu.

Somo la kesho yake lilikuwa la nabii Eliya: amekimbilia jangwani, ameketi chini ya mti, anamwambia Mungu inatosha, aichukue roho yake. Raphael alifungua daftari la 2015 akakuta mwandiko wake, mwandiko wa mtu mwenye nguvu zake. *Mwenye imani hachoki. Kuchoka ni mlango wa shetani.* Akafungua la 2018. Maneno yale yale, ila safari hii alikuwa amepiga mstari chini ya "hachoki".

Akamkumbuka Eva, mwalimu wa shule ya msingi. Mwaka ule wa 2015 Eva alikuwa anamuuguza mama yake, na Jumapili ile alikaa benchi la pili akasikiliza yote.

Alijaribu kuandika jipya. Magreth akaita, kwa ile sauti yake isiyo na neno, naye akaenda kumgeuza. Aliporudi, kalamu ilikuwa imeviringika chini ya baraza. Hakuifuata.

Asubuhi Mwaisha, jirani yao, akaja kama alivyokuja kila Jumapili. Mwaisha ni Mwislamu, mjane, na shamba lake la karoti limepakana na lao.

"Nenda tu, Mwalimu," alisema, akimwita katekista kama wote walivyomwita. "Nipo hapa mpaka urudi. Umekula?"

"Nitakula nikirudi."

Mwaisha akamtazama mashavu yalivyobonyea.

Kanisani masomo yalisomwa, zaburi ikaimbwa. Baada ya Injili watu wakakaa, na Raphael akabaki amesimama, mikono juu ya mimbari.

"Ndugu zangu, somo la Eliya nimelitolea tafakari hapa mara saba. Mara zote niliwaambia mwenye imani hachoki. Mimi nimechoka. Leo sina tafakari." Akamtafuta Eva kwa macho. "Eva, nilisema maneno yale mbele yako, mama yako akiwa kitandani. Naomba unisamehe."

Akakaa. Watu wakatazamana. Bibi Maria, mkubwa kuliko wote mle ndani, akaongea bila kuinuka.

"Huyo malaika, alimwambia nini Eliya?"

"Alimwambia inuka, ule."

"Hakumwambia aombe?"

"Hapana, Bibi."

"Hakumkaripia?"

"Hapana. Alimletea mkate na maji. Eliya akala, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili."

"Mara ya pili," alisema Bibi Maria. "Na Magreth sasa hivi yuko na nani?"

"Yuko na Mwaisha."

Karibu wote hupita mbele ya nyumba ile wakija kanisani. Mwezi Aprili walikwenda na sukari na sabuni, wakasali rozari, wakaondoka. Raphael akasimama, akaendelea na sala za waamini.

Ibada ilipokwisha, Eva na akina mama wawili wakafuatana naye mpaka nyumbani. Wakasonga ugali, wakabadilisha mashuka. Eva alipokuwa anamnawisha Raphael mikono, akamwambia polepole, "Nimekusamehe, Mwalimu. Ila siku ile nililia njia nzima."

"Najua," alisema Raphael. "Sasa najua."

Jumanne padre akapiga simu.

"Mwalimu, nasikia hukutoa tafakari."

"Ndiyo, baba. Aliitoa Bibi Maria."

"Na Magreth?"

"Yuko vile vile."

"Nitapanda Alhamisi nimpe Mpako wa Wagonjwa."

Akina mama wakapanga zamu. Septemba walikuwa wanane. Mvua zilipoanza na kila mtu akawa na shamba lake, wakapungua. Majilio yalipofika, zile wiki za kabla ya Krismasi, walibaki watatu. Raphael hakumlaumu yeyote. Mwaisha hakuwahi kuandikwa kwenye zamu, na hakuacha kuja. Magreth hakupona. Anaweza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto, na siku nyingine hulia bila sababu inayojulikana.

Eva alikubali kuongoza ibada Jumapili mbili za kila mwezi. Pentekoste ya mwaka uliofuata ilimwangukia yeye, na siku ile msomaji hakufika, kwa hiyo akasoma hata somo la kwanza. Raphael alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, viatu vina tope, mgongo ukiuma. Eva akafika kwenye orodha ya mataifa, akawapita Waparthi na Wamedi salama, akakwama kwenye Pamfilia. Akarudia, akakwama tena. Watu wakasubiri. Raphael alijua linavyotamkwa, na hakufungua mdomo. Eva akalitamka vyovyote lilivyotoka, akaendelea na Misri.