Mita Tatu Kutoka Jiweni

Jumanne saa tisa alasiri, Léonce, mpimaji wa ofisi ya vibali vya ujenzi, alifungua utepe wake kwenye kiwanja cha Asiya kule Carama, akaomba mtu amshikie ncha ya pili. Asiya akaishika mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani wa Buyenzi, na kushika utepe ilikuwa kazi yake ya miaka ishirini na mitano. Kiwanja kilikuwa na upana wa mita kumi na mbili, kutoka jiwe la mpaka upande wa njia hadi jiwe la mpaka upande wa jirani. Sheria ilitaka nyumba ikae mita tatu kutoka kila mpaka. Zilibaki sita, na sita zilimtosha: chumba chake, chumba cha mama yake, na baraza katikati.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama. Tangu nyumba ya ukoo iuzwe na warithi wagawane, Bibi Khadidja alikuwa akilala sebuleni kwa mpwa wake Ilias, kwenye mkeka uliokunjwa kila mgeni alipopiga hodi. Hakulalamika. Alisema tu kwamba angependa kufia mahali ambapo hatakunjiwa mkeka, na kila Asiya alipoyakumbuka maneno hayo, sindano ilimchoma kidole.

Jirani, Jovithe, alikuwa mfanyabiashara mwenye ghorofa tatu. Hakuacha mita tatu wala sentimita tatu. Ukuta wake aliusimamisha juu ya mpaka wenyewe. Ofisi ikamwandikia barua kwamba umbali lazima upatikane. Jovithe hakubomoa kitu. Wiki ile ile jiwe la mpaka, lenye namba 417 kwa rangi nyekundu, liling'oka lenyewe, likatembea polepole kuingia kwa Asiya, siku mbili mchana kutwa, likasimama mita tatu kamili kutoka ukutani. Wapita njia walilisalimu. Mwenye nguvu mpishe, walisema, na jiwe lilikuwa limelelewa mtaani humo humo kama wao.

Jovithe akapata kibali. Asiya alipokwenda kwake alikaribishwa kiti na soda baridi.

"Mi ile jiwe sijaigusa, mama," Jovithe akasema, na ilikuwa kweli.

Léonce alirudi akapima. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia kabla ya kuandika. Alimweleza Asiya kwamba sheria hupima kutoka pale jiwe lilipo leo, si pale lilipokuwa jana, kwa kuwa jana haina ofisa wa kuipigia muhuri. Hapo ndipo Asiya alipokosea, kwa adabu zake. Badala ya kukataa, alichora ramani upya, kwani kitambaa kikipungua fundi huhamisha mshono. Nyumba ikawa ya mita tatu, chumba kimoja cha watu wawili, na akajiambia kwamba yeye na mama yake hawajawahi kugombania nafasi.

Kisha Jovithe akaongeza ngazi ya nje, jiwe likasogea mita moja. Akaongeza kibanda cha jenereta, likasogea mita moja na sentimita ishirini. Kila mara Asiya alichora upya, na kila mara Bibi Khadidja alipungua. Asiya aligundua alipompima gauni la Idi. Mama hakuwa anakonda. Alikuwa anapungua upana, mabega yakikaribiana, ilhali urefu, sauti na hamu ya kula vilikuwa vile vile. Akamwuliza kama anaumwa.

"Apana, mwanangu. Nasikia nyumba inakuwa kadogo. Sitaki kukusumbua."

Kibali kilifika Novemba, na mihuri yake mitatu: nyumba ya sentimita themanini kwa mita nne. Fundi Mohamadi aliijenga kwa siku tano, akarudisha tofali nyingi zilizobaki. Bibi Khadidja akasema bismillahi, akaingia kwa mguu wa kulia, ikamtosha sawasawa. Asiya alijaribu kifua mbele, akajaribu ubavu, akakwama mlangoni. Alikuwa na mwili wa mtu mzima, na huzuni haikumpunguza. Alilia pale pale, kwa sauti, mchana kweupe, na majirani wakaja kumpa pole kama wanavyompa mfiwa.

Baada ya hapo alitandika mkeka wake nje, kwenye zile mita tatu. Sheria ilikataza kujenga hapo, kulala haikukutaja. Wakaishi hivyo, mama ndani na binti nje, wakizungumza kupitia kidirisha, na sahani ya wali ikipita humo humo. Mama alisema analala vizuri. Asiya alimshonea shuka nyembamba.

Masika yalipoanza, Jovithe alimwagiwa mchanga na kokoto za kujengea jiko la nje. Ijumaa, jua likitua, Asiya alikuwa amejinyoosha mkekani akisikiliza mama akimaliza tasbihi, 417 lilipoanza kuja. Lilikuja na matope yake, bila haraka, likafika penye nyayo zake, likangoja.

"Asiya," mama akauliza kutoka ndani, "ile jiwe imefika?"

"Imefika, mama."

"Basi uipishe. Mi nitajibana kidogo tena."

Asiya akasimama, akakunja mkeka.