Siku Redio Aliponyamaza

Siku Redio aliponyamaza, hata ng'ombe waligeuza shingo kumtazama. Ranchi nzima ilikuwa imemzoea. Jua halijachomoza sawasawa, sauti yake imeshafika kwenye banda la farasi, nayo haikuzimika mpaka matandiko yarudi kwenye vigingi vyake jioni. Alimsimulia farasi ndoto aliyoota, akamweleza mgongo unavyomuuma, akamsengenya mpishi wa wafanyakazi, kisha akayakatiza masengenyo katikati kusema, "Jiwe hilo, mama, nyanyua mguu," na kuendelea na mpishi pale pale alipomwachia. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mwembamba, miguu matege kwa kukaa juu ya tandiko tangu usichana wake. Kazi aliijua. Tatizo, watu walisema, ni mdomo.

Jina la Redio alibandikwa na fundi wa kwato, mtani wake wa miaka mingi, nalo likamganda. Alilicheka kama wengine. Lakini marehemu mume wake, aliyekuwa mchungaji wa ng'ombe hapo hapo, alikuwa na mazoea ya kumwambia kila wakienda kulala, "Mke wangu, hata masikio yanachoka." Alisema kwa mapenzi, akizima taa, na bado maneno yale yalimchoma. Kwa kweli, na hili hakuwahi kumwambia mtu, Redio aliuonea haya mdomo wake. Kila jioni aliweka nia kwamba kesho atasema machache kama watu wazima wenzake, na kila asubuhi nia hiyo ilivunjikia mlangoni mwa banda, pindi Shangazi alipoutoa uso wake juu ya kizuizi na kusimamisha masikio.

Shangazi alikuwa jike la rangi ya hudhurungi, umri wake miaka kumi na saba. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa akiwaonya farasi wenzake bila hata kuinua mguu. Alilaza masikio tu, nao wakatawanyika kama watoto waliofumaniwa jikoni. Redio alimpokea akiwa mwanafarasi asiyejua hatamu, akamfunza yeye mwenyewe. Farasi wake wa pili alikuwa Mpambe, dume wa kijivu aliyehasiwa, ambaye hakuachana na Shangazi. Malishoni alitembea upande wake wa kulia, bega kwa bega, tangu asubuhi hadi jioni. "Mapenzi ya uzeeni hayo," fundi wa kwato alizoea kusema.

Ni fundi huyo huyo aliyeanzisha ubishi. Alikuwa ameinama, ukwato wa Mpambe gotini, akiukwangua na kukunja uso kwa sababu ulikuwa na jeraha.

"Huyu apumzike siku tatu," alisema. "Na wewe, dada, ungepumzisha mdomo japo siku moja. Kuanzia kutandika mpaka kutandua. Ukiweza, matandiko yote kumi na mawili nayasafisha mimi mwezi mzima, na mafuta nayapaka mimi."

"Na nikishindwa?"

"Unayasafisha wewe. Na najua utashindwa."

"Siku moja tu? We fundi, unanidharau."

"Tena sana."

Basi akanyamaza. Kesho yake alimtandika Shangazi bila hata kumwamkia, akapanda, akatoka na wachungaji watatu kuhamisha ng'ombe. Mpambe aliachwa bandani na ukwato wake. Tangu hatua ya kwanza Shangazi hakuwa Shangazi. Alitembea kwa hatua fupi fupi, kichwa juu, masikio yakizunguka nyuma, mbele, nyuma tena, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Mara mbili alisimama njiani bila sababu. Leo kaamka vibaya, Redio aliwaza, akajiuma ulimi ili asiseme.

Wajenzi wa uzio walikuwa wamevuta waya mpya kukata njia ya zamani, nguzo zikiwa bado zinanukia mbao mbichi. Redio aliuona waya ule tokea mbali. Siku nyingine yoyote angeutangaza. Siku hiyo aligeuka nyuma kumwangalia ndama aliyebaki, hatamu akiwa amezilegeza kama kawaida yake, kwa kuwa Shangazi hakuwa farasi wa kuvutwavutwa. Shangazi akaenda moja kwa moja, akaingia kwenye waya kwa kifua.

Redio alijikuta chini, mchanga mdomoni. Alipoinuka aliiona damu ikichuruzika kwenye kifua cha farasi, na hofu yake ikageuka hasira, kama inavyotokea kwa watu wengi. Akampiga kofi la shingo.

"Mjinga wewe! Huoni?"

Wachungaji wakaangua kicheko. "Redio imewaka! Redio imewaka!" Habari zikamfikia fundi wa kwato kabla ya saa sita. Lakini kitu kimoja Redio alikiona na hakukitilia maanani wakati ule: Shangazi, aliyekuwa akitetemeka mwili mzima, alitulia ghafla aliposikia lile tusi. Akainamisha kichwa, akalaza paji lake la uso kwenye kifua cha mwanamke aliyempiga. Redio akamsukuma pembeni.

Asubuhi iliyofuata alikuja daktari wa mifugo, binti mpole ambaye umri wake ungemfanya awe mwanawe. Alisafisha jeraha, akalishona. Kisha badala ya kufunga mkoba wake akasimama, akamtazama Shangazi usoni kwa muda. Akatoa kipande cha pamba, akakiinua juu ya jicho la farasi, akakiachia kidondoke. Shangazi hakupepesa. Akaenda upande wa pili, akafanya vile vile. Akawasha kurunzi ndogo, akamulika jicho moja, halafu la pili.

"Mama," alisema, "huyu haoni tangu lini?"

Redio alicheka. "Haoni nini? Juzi amenivusha mto, daktari. Amepita katikati ya mawe yale yote."

"Haoni kitu, mama. Macho yote mawili. Si ugonjwa wa jana huu. Ningesema mwaka, labda zaidi. Huanza taratibu." Akaizima kurunzi. "Huwa unampanda vipi? Kuna kitu unamfanyia?"

"Simfanyii kitu. Nakaa tu juu yake napiga soga."

"Soga gani?"

"Soga tu. Nikiona jiwe nasema jiwe. Nikiona maji nasema maji. Ni ugonjwa wangu, watu wote wanaujua." Aliyasema hayo kwa aibu ile ile ya siku zote, kisha masikio yake mwenyewe yakasikia alichokisema, na mkono ukamwenda mdomoni.

Daktari alitazama kule bandani, ambako Mpambe alikuwa ameinyoosha shingo juu ya kizuizi kumwelekea Shangazi. "Na yule wa kijivu hutembea upande gani wake?"

"Wa kulia. Hamwachi hata hatua."

"Basi jicho la kulia ndilo lililoanza kupofuka," alisema daktari.

Redio aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia. Alilia kwa ajili ya lile kofi kwanza. Amemuuliza kipofu kama haoni, na kipofu akamjibu kwa kumwekea kichwa kifuani. Kisha akalia kwa jambo jingine, zito zaidi, ambalo hakulipatia jina mara moja. Kwa mwaka mzima na zaidi, katika maneno yale yote aliyoyaonea haya, alikuwepo mmoja aliyeyapokea moja baada ya jingine, akaweka mguu wake juu ya kila moja, na hakuwahi kuyachoka. Kumbe alikuwa anasikilizwa. Moyo wake ulijaa shukrani hadi ukamuuma.

Tatizo ni kwamba daktari hawezi kuficha ugonjwa. Msimamizi wa ranchi aliarifiwa siku ile ile, naye akamwita Redio ofisini. Alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu. Siku nyingine alimaliza kugawa kazi za watu ishirini kwa kunyoosha kidole tu.

"Lori linakuja Ijumaa," alisema. "Linachukua ng'ombe wazee. Ataenda nalo."

Redio alijua lori lile linakoishia. Kila mtu pale alijua.

"Bwana msimamizi, yule si wa lori."

"Haoni, mama. Siwezi kumweka mtu juu ya farasi kipofu. Ukivunjika shingo nitamwambia nani nini?"

"Umeniweka mwaka mzima."

Msimamizi akainua uso. Hakuwa mkorofi, na Redio alijua hivyo. Alikuwa mtu aliyewahi kumwokota mchungaji aliyekanyagwa na ng'ombe, akambeba mgongoni mpaka barabarani, na tangu hapo aliogopa kwa niaba ya wote.

"Nipe jaribio moja," Redio alisema. "Mbele ya macho yako. Nitoke langoni, nivuke mto, nizunguke uzio mpya, nirudi na mitamba watano. Akijikwaa, akiogopa, akigusa hata nguzo moja, nitamtoa bandani mimi mwenyewe Ijumaa."

Msimamizi alifikiri mpaka Redio, kwa tabu kubwa, akamaliza kuhesabu misumari yote ya ukuta ule.

"Bila yule wa kijivu," akasema hatimaye.

Alhamisi mchana watu waliacha kazi zao wakajipanga ukingoni mwa mto, karibu na lango. Fundi wa kwato alikuja na kopo la mafuta ya matandiko mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, leo usinyamaze hata ukipaliwa."  Redio alipita mbele ya farasi, akaushika uso wake kwa mikono miwili.

"Nisamehe kofi lile," alimnong'oneza. "Nisamehe na ile siku nzima. Nilikuacha gizani kwa ajili ya matandiko."

Akapanda, akafungua mdomo.

"Haya, lango hili. Pana, nyoosha tu. Sasa mteremko, mama, kaa nyuma kidogo. Mchanga. Mchanga tena. Leo wamekuja wote kututazama, hata mpishi, na aproni yake ile haijafuliwa. Mzizi huo, nyanyua. Vizuri." Shangazi alikwenda na masikio yake yote mawili nyuma, kwenye sauti, mwendo laini kama wa siku zote. Akaingia majini. "Maji hayo, baridi. Jiwe kushoto. Jingine. Nyanyua. Taratibu."

Walipofika katikati ya mto, maji safi yakigusa vikuku vya tandiko, pale miguu yake ilipokanyaga, Redio alitazama chini, akaona ule mguu wa hudhurungi ukishuka bila wasiwasi mahali ambapo neno lake lilikuwa limeelekeza. Hakuomba kuona jambo lile, lakini aliliona waziwazi: hakuna binadamu aliyewahi kumwamini hivyo.  Alijaribu kusema "jiwe," lakini sauti haikutoka.

Shangazi akasimama.

Kule ukingoni watu walinyoosha shingo. "Kulikoni?" mmoja aliita. Msimamizi alipiga hatua moja mbele, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Maji yalipita yakisukuma miguu ya farasi, na yeyote mwenye akili angeogopa, lakini Shangazi hakutetemeka safari hii. Aligeuza sikio moja nyuma. Akangoja, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kukohoa ili mazungumzo yaendelee.

Redio alijifuta uso kwa kiwiko. Akavuta pumzi ya kutosha neno moja.

"Nipo."

Sikio likatikisika.

"Nipo, mama. Nipo. Jiwe liko mbele yako, kubwa, tulia. Pita kulia. Ndiyo hivyo. Mungu akupe kheri, wewe. Nyanyua."

Baada ya hapo maneno yakaja yenyewe. Wakatoka mtoni, wakauzunguka uzio mpya nguzo kwa nguzo, "waya kushoto, waya bado, waya umekwisha," wakawakusanya mitamba, mmoja wao mkaidi aliyetukanwa kuanzia pembe hadi mkia, wakawarudisha kupitia mto ule ule. Kutoka bandani Mpambe alilia mara moja, kwa sauti ndefu, naye Shangazi akamjibu bila kupunguza mwendo.

Mitamba waliingia kwanza, wakisukumana. Msimamizi ndiye aliyekuwa amelishika lango. Redio alimwona akikunja midomo kama mtu anayejiandaa kunywa dawa chungu, na hakuweza kuusoma uso ule. Akafungua mdomo kulitangaza lango.

Msimamizi akamwinulia mkono, amwachie. Akakohoa. Akatazama kama kuna anayemcheka, na hakukuwa na anayecheka.

"Lango hili, Shangazi," alisema. "Liko wazi. Pita."

Shangazi aliigeuzia ile sauti ngeni sikio la kushoto, akaipima kidogo, kisha akanyanyua mguu akapita.