Goti la Mama Mkwe

Bi Sindano alikuwa ameshona nguo za watu kwa miaka thelathini na minane, na jina hilo alilipata kwa mambo mawili: kazi yake na ulimi wake. Siku mjukuu wake wa kwanza aliporuhusiwa kutoka hospitali, baada ya wiki tano za kulelewa kwenye kisanduku cha joto, alivaa gauni jipya, akajipweteka kwenye kiti cha mbele cha gari la mkwewe nje ya wodi, akasubiri kupakatishwa mtoto.

Alipogeuka akaona, katikati ya siti ya nyuma, kiti kidogo cha plastiki kimeipa mbele mgongo kama mtu aliyenuna.

"Na hiki?"

"Cha mtoto, Mama. Atakaa humo."

Mkwe alikuwa mwalimu wa hesabu, mwenye heshima nyingi na maneno machache. Miaka mitatu ya ndoa, yeye na mama mkwe hawakuwahi kuvuka salamu na habari za mvua.

"Mapaja haya yamepakata watoto wanne mpaka wakaota ndevu," alisema Bi Sindano. "Leo mjukuu wangu anapakatwa na ndoo!"

Nesi akatoka kukagua gari kabla hajamtoa mtoto. Akakishika kile kiti, akakitikisa. Kikacheza kama jino bovu.

"Hapana. Hivi hatoki. Mkanda wa gari umeupitisha njia ya mtoto mkubwa, anayetazama mbele. Huyu wenu shingo yake bado laini kama kikonyo. Akitazama nyuma, gari likigonga, mgongo wa kiti unampokea mwili mzima. Na ukilaze kidogo, kidevu kisimwangukie kifuani akakosa pumzi. Nikirudi, kisicheze zaidi ya upana wa kidole gumba."

"Si nimpakate tu yaishe?" alidakia Bi Sindano.

"Bibi, gari likifunga breki ghafla, mikono hufunguka kabla mwenye mikono hajajua."

Nesi hakusema kwa ubaya, na wala hakungoja jibu. Bi Sindano akafungua viganja vyake, akavitazama.

Nyuma, mkwe alikuwa amezamisha kichwa ndani, shati limelowa. Anavuta, analegeza, anavuta. Ubavuni mwa kiti palikuwa na kipimo cha ulalo wake, chenye kiputo cha hewa, na kiputo kilikataa katakata kukaa katikati.

"Kitabu cha maelekezo ya kiti nimekisoma chote, Mama. Mara mbili." Akafuta jasho usoni. "Wiki tano nimemtazama kupitia kioo. Wenye kujua kazi ndio waliomshika. Leo wananikabidhi mimi."

Bi Sindano akashuka. "Sogea."

Akakusanya pindo la gauni jipya, akapanda siti ya nyuma, akalitia goti lake ndani ya kiti cha mtoto na uzito wote wa mwili wake. Kiti kikadidimia.

"Sasa vuta. Taratibu! Humburuti mbuzi. Kwanza angalia, mkanda umejipinda hapa. Ukijipinda haushiki, kama pindo lililojikunja." Akaulaza kwa kidole gumba, kuanzia kwenye kifungo mpaka mwisho. Kisha, macho yake yakiwa dirishani, akasema, "Mke wako ana kovu kidevuni."

"Ndiyo, Mama. Alianguka kitandani."

"Hakuanguka kitandani. Alikuwa na miezi minane. Jirani alitupa lifti, nikakaa mbele, nimempakata na kumkumbatia hivi. Mbwa akakatiza, jirani akafunga breki. Mwanangu nilimshika kwa nguvu zangu zote, na bado nilimwona akiniponyoka. Nikaja kwa baba yake nikasema kitanda. Nikamwambia na mwenyewe kitanda."

Mkwe aliacha kuvuta. "Hukukusudia, Mama."

"Kumwangusha sikukusudia. Uongo niliukusudia. Vuta, mwanangu, goti linaniuma."

Akavuta. Mkanda ukajikaza, ukajifunga. Kiputo kikasogea, kikasitasita, kikatulia katikati, na wote wawili wakashusha pumzi kwa pamoja.

Nesi aliporudi na mtoto na mama yake, alikishika kiti pale mkanda ulipopita na kukitikisa: gari zima likayumba, kiti kikabaki palepale. Akamlaza mtoto, akafunga mikanda midogo iliyotokea usawa wa mabega, akajaribu kuufinya mkanda begani ufanye kunjo. Haukufinyika; umekaza vizuri.

Bi Sindano akatoa shali aliyomfumia. Alikuwa mtu asiyeuliza. "Naiweka chini yake au juu?"

"Juu, Bibi, baada ya kufunga. Chini inalegeza mikanda."

Mama na bibi wakakaa nyuma, huku na huku. Mwalimu akaliondoa gari kwa mwendo ambao hata baiskeli zilimpita. Hawajafika njia panda, Bi Sindano akamwambia binti yake lote, bila kupamba, kuanzia mbwa mpaka kitanda.

Binti akajishika kidevu. Akatazama mbele, akamtazama mama yake.

"Kumbe! Miaka yote hii silali ukingoni, kumbe kitanda cha watu hakina kosa?"

Akacheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kitu kingine. Akapitisha mkono juu ya miguu ya mtoto, akaushika mkono wa mama yake uliojaa sugu za mkasi, asiuachie.

"Amelala?" aliuliza mwalimu, sauti imejaa wasiwasi.

Mtoto alikuwa macho, anawakodolea mmoja mmoja kana kwamba anawahesabu.

"Wewe tazama barabara," Bi Sindano alimjibu. "Sisi tunamtazama."