Doto Asubiri Mlangoni

Usiku wa jana niliota bado niko ukumbini Tabora, nafunga spika za harusi ya dada yangu Nyanzala, ambayo ni leo. Mchana kamati ilikuwa imenishikia bango: spika zote mbele, fundi, muziki mzito uwafike wageni rasmi kifuani! Nikazipanga zote mbele. Bibi Kalunde, aliyemlea Nyanzala tangu anatambaa, na masikio yake yamechoka, wakampa kiti cha mwisho kabisa, nyuma ya nguzo. Niliumia. Neno la shukrani la mjukuu wake lingemfikiaje?

Nashika maiki. "Alo, alo. Moja, mbili. Moja, mbili."

"Tatu iko wapi?" inauliza spika kubwa.

"Mafundi huwa hatufiki tatu."

"Miaka kumi na moja nakuvumilia."

Inavuta pumzi mpaka kifua chake cha karatasi kinarudi ndani, kisha inasukuma. Vijitu vya hewa vinatoka kwa foleni. Kila mmoja anamgusa mwenzake bega: "Moja. Pokea, peleka."

Nafuatana nao. Safu ya kumi wameshachoka. Kwenye nguzo wanakaa chini na kuagiza soda. Siwalaumu, ni harusi.

"Bibi hajapata hata moja," nalalamika.

"Si uweke mwenzangu huko nyuma," inajibu spika kubwa. "Mpaka uambiwe?"

Natundika spika ndogo karibu na Bibi, navuta waya. Ghafla ukumbi ni jiko la Bibi. Nguzo ni mwiko, kamati nzima imeketi ndani ya sufuria la wali na hakuna anayelalamika.

"Moja," nasema kwenye maiki.

Sauti mbili zinafika mlangoni pa sikio la Bibi. Ni pacha, sura moja, suti moja. Doto amepita kwenye waya, amewahi. Kulwa ametembea kwa miguu toka spika za mbele, jasho linamtoka.

"Shikamoo Bibi," anasema Doto.

"Shikamoo Bibi," anasema Kulwa, anahema.

"Nasikia makelele tu!" Bibi amefungua sikio kama dirisha. "Doto amtangulie Kulwa, wapi mliona? Mkubwa bado yuko njiani, mdogo keshaingia, halafu mnataka niwaelewe! Shija mjukuu wangu, mwambie huyu asubiri mlangoni."

"Asubiri mpaka lini, Bibi?"

"Apepese jicho mara moja. Inatosha."

Nazungusha kitufe cha kuchelewesha sauti ya spika ndogo. Doto anasimama, anapepesa jicho. Kulwa anapita, Doto anamfuata mgongoni, wanaingia kama mtu mmoja.

Bibi anacheka mpaka masufuria yanacheza. Spika kubwa inacheka kwa besi, kamati inarusha wali juu, vijitu vya hewa vinamwagiana soda. Nina furaha, mbavu sina.

"Moja," nasema.

"Nimepata!" anaitikia Bibi.

"Mbili."

"Nimepata! Haya, endelea."

Nafungua mdomo, na simu ikaniamsha.

Jua lilikuwa limeshapanda. Ilikuwa namba ya Bibi Kalunde, ambaye ana miaka minne hajapiga simu, maana anasema simu siku hizi zinanong'ona.

"Alo?" nikasema.

"Tatu," akasema Bibi, akakata.