Askari Aliyekwenda Zamu ya Jumapili

Jumamosi, saa kumi na moja jioni, Dorine alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, katika ule mtaa wa mji wa migodi uitwao komini ya Kenya, wakati askari wa mumewe, yule wa mchezo wa vita, alipotoka kwenye simu. Simu ilikuwa ikichajiwa juu ya kiti cha plastiki. Askari alitoa mguu mmoja, kisha wa pili, akakung'uta buti, akasalimia. Alikuwa amekonda. Ndevu zilimfika kifuani, maana mumewe Dorine, Musonda, hakuwa ameufungua mchezo kwa siku kumi na tisa.

"Ikala, papa," Dorine akasema, akimsogezea kigoda. "Mwenyewe iko naoga."

Musonda alitoka bafuni na taulo kiunoni. Alimtambua kwa lile koti la njano alilomchagulia zamani, alipokuwa mwanafunzi mwenye mchana mzima wa kupoteza.

"Mukubwa, unaniachaka mu majani," askari akasema. "Ukirudia, unacheza dakika kumi, unasinzia. Batoto ya masomo banaikalaka pale siku muzima. Miye nakufwa mbele ya bote."

"Najua."

"Na kila mwezi benye muchezo banaturudisha ngazi ya chini. Unapanda, banakushusha. Unapanda tena, banakushusha. Ni kazi gani ile?"

Kazi ya namna hiyo Musonda aliijua. Basi la mgodi lilimchukua alfajiri, likasimama langoni kwa saa mbili nzima ambazo hakuna aliyeziita kazi, likamrudisha jioni akala ugali wa bukari macho yamefumbwa. Na mchezo ule hausimami mtoto akilia. Anayeuacha katikati hutukanwa na wenzake, na miongoni mwao wamo wa miaka kumi na tatu wanaomwita kizee. Raha ilikuwa imemtoka kidogo kidogo, kama utamu unavyoisha kwenye muwa uliotafunwa.

Aliendelea kwa sababu moja. Mdogo wake, Kunda, alikuwa akifundisha shule mbali, huko Mitwaba, na mle mchezoni ndimo walimozungumza. Kwenye simu ya kawaida walisalimiana, wakaulizana habari za mvua, wakakata. Midomo yao ilifunguka mikono ikiwa na shughuli. Kesho yake, saa nane mchana, ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, na Musonda alikuwa ameahidi. Lakini orodha ya zamu ya Jumapili ilikuwa imebandikwa langoni, na jina lake limo.

"Basi nitaenda miye ku mugodi," askari akasema. "Weye cheza na mudogo yako."

Dorine aliwatazama wote wawili, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Batamujua, Papa Wivine. Weye hauna ndevu."

"Banaangaliaka beji tu," Musonda akasema.

Hakuna aliyefikiria jambo jingine. Askari alikula, akalala mkekani, na kulipopambazuka akavaa kofia ngumu ya Musonda, akapanda basi.

Saa nane mchana Musonda aliketi kivulini, akafungua mchezo. Uwanja ulikuwepo. Mvua nyembamba ilinyesha juu ya kilima kilekile. Mahali pa askari wake palikuwa na nyasi zilizolala kwa umbo la mtu, basi.

"Yaya, uko wapi?" ilikuwa sauti ya Kunda, akimwita kaka yake. "Nasikia pumuzi, lakini sikuone."

"Niko hapa. Askari iko ku kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi yangu."

Kunda akacheka mpaka akakohoa. "Yaya! Akili ulibakisha ku basi? Ungemutuma yeye huku, weye ukaenda kule!"

"Na tungezungumuza na weye saa ngapi?"

Askari wa Kunda akaacha kukimbia. Akaketi kando ya zile nyasi zilizolala, bunduki magotini. Risasi zilipita. Kunda alisema mama yao sasa analima karanga peke yake, na goti lake limevimba. Kisha akasema kwamba Mado, mkewe, aliharibikiwa na mimba mwezi wa tatu wa mwaka huu.

"Haukuniambia."

"Tulikuwa nacheza dakika kumi kumi, yaya. Haikuingia mule."

Musonda alifuta uso kwa kiganja. Walipigwa, wakashushwa hadi ngazi ya chini kabisa. Hakuna aliyetazama. Walizungumza hadi chaji ikaisha.

Jioni askari alirudi mwekundu kwa vumbi. Alisinzia mezani, tonge la bukari mkononi.

"Shefu alisema nini?" Musonda akauliza.

Askari alifumbua jicho moja. "Alisema siku hizi unatumikaka muzuri. Ya kisha akauliza kama weye uko wapi."

"Alijua?"

"Tangu asubui. Hakukasirika. Alisema kesho tukuye ku kazi bote wawili. Beji moja inatosha. Na zamu ya siku ya Mungu vilevile, zote, mpaka ku Noeli."

Dorine akaongeza maji kwenye sufuria ya bukari.

Jumatatu basi lilipofika walipanda wawili, wakakaa kiti kimoja. Simu ilibaki uani ikichajiwa juu ya kiti cha plastiki. Ndani yake mvua iliendelea, na askari wa Kunda alikuwa bado ameketi pale kilimani, karibu na umbo la mtu kwenye nyasi.

"Yaya?" sauti ikaita, karibu saa sita mchana.

Dorine aliweka mchi chini, akainama juu ya kioo.

"Balienda ku kazi, shemeki," akasema. "Bote wawili."