Kiti cha Chumba cha Mahojiano

Jumatatu daktari mmoja mwenye miwani alimpa mdogo wangu alama arobaini na moja. Jumatano daktari mwingine, mrefu, kwa fomu ileile ya dalili za ugonjwa wa akili, akampa ishirini na tatu. Jumanne hapo katikati mdogo wangu alikula, akalala, akanyoa ndevu. Basi.

Ukizidi thelathini unahamishiwa hospitali kubwa, miezi sita ndani ya geti la chuma. Ukiwa chini ya hapo unarudi nyumbani na dawa zako. Ijumaa gari la kuhamisha wagonjwa lilikuwa linanguruma uani.

"Haendi," nilimwambia muuguzi.

"Mzee, inafuatwa fomu ya kwanza."

"Mimi seremala. Shule niliishia darasa la tano. Lakini mafundi wawili wakipima mlango mmoja wakapata vipimo viwili, hatukati mbao. Tunapima upya."

Alicheka. Nikaenda kusimama mbele ya gari.

"Utagongwa, mzee!" dereva akapiga kelele.

"Gonga. Halafu ukajaze fomu."

Akazima injini. Madaktari wote wawili wakatoka. Nikawaambia waingie chumba kimoja, wamuulize pamoja, kila mmoja aandike yake bila kumchungulia mwenzake.

"Ndivyo tulivyofundishwa," daktari mrefu akasema. "Tumeacha tu."

Wa miwani akanuna, lakini akaingia.

Mdogo wangu tunamwita Randa, maana naye ni seremala, na randa ya kulainishia mbao haimtoki mkononi. Alifika, akainama, akachungulia chini ya kiti, akabaki amesimama. Kalamu ya wa miwani ikaanza kukimbia.

Walipomaliza wakalinganisha. Wa miwani thelathini na tisa, mrefu ishirini na mbili. Maswali manne ndiyo yaliyowatenganisha: kushuku watu, wasiwasi, ukaidi, mawazo potofu.

"Amekataa kiti tena," wa miwani akasema. "Jumatatu alisema kinataka kumwangusha."

"Ulimuuliza kwa nini?" mrefu akauliza.

Wa miwani akapekua fomu yake.

"Randa," nikasema, "kiti kina nini?"

"Kaka, nawe umesahau kazi? Mguu wa nyuma umeachia gundi. Nilimwambia kitaniangusha, akaandika mbio mbio. Jumatano huyu mrefu alinipa cha kwake."

Nikakipindua kiti. Nikavuta mguu kwa vidole viwili, ukatoka kama jino bovu. Nikauweka juu ya fomu ya wa miwani.

"Futa," nikasema.

"Fomu haifutwi, mzee."

"Basi andika nyingine. Mimi na gari lako hatuondoki."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akachukua karatasi mpya, na safari hii akauliza kila swali, akasubiri jibu lake. Nilisimama mlangoni muda wote.

"Ishirini na tisa," akasema mwishoni, bila kuniangalia.

Nikamshika Randa mkono tuondoke. Akagoma.

"Ngoja kwanza, kaka," akasema. Akamgeukia daktari. "Gundi ya mbao mnayo?"