Nakala ya Jumatatu

Chuma alimvunja taya kaka wa Fundi Jumatatu saa sita mchana, nyuma ya ghala, kwa nondo. Jioni ikafika, na aliyefungwa pingu ni kaka, tena kitandani hospitali, kwa kosa la kumshambulia Chuma, msimamizi wake. Wapakizi wanne waliweka saini kwamba ni kweli. Wangefanyaje? Chuma ni shemeji wa tajiri mwenye ghala, na pale ghalani shemeji akisema mvua inanyesha, watu hukunja suruali jua likiwaka.

Lakini kamera haina shemeji. Fundi, dada mtu, alilijua hilo vizuri kuliko wote, maana yeye ndiye fundi wa kompyuta wa ghala hilo hilo, na kamera alizifunga kwa mikono yake. Habari alizipata jioni ile nyumbani, kutoka kwa wifi yake aliyekuwa analia mpaka sauti imekauka. Mpelelezi aliahidi kufika Jumanne saa nne asubuhi. Akikuta video, kaka anatoka. Asipoikuta, ni miaka saba.

Jumanne saa tatu asubuhi Fundi alikuwa chumba cha seva, chini kabisa, kachumba kasicho na dirisha. Picha za kamera zote zilikaa kwenye seva ile. Pembeni yake ilikuwepo diski mpya, ya kuwekea nakala. Kwa wiki tatu, kila jioni, Fundi alikuwa akiituma amri ya kunakili kutoka kwenye kompyuta yake ya ghorofani, na kila jioni kompyuta ilimjibu: imekamilika. Aliamini. Hakushuka hata siku moja kutazama, kwa uvivu wa ngazi thelathini, na uvivu huo sasa ulimchoma rohoni.

Diski ilikuwa tupu. Hakuna faili hata moja!

Akakagua kebo, nzima. Akakagua ruhusa za kuandika, sawa. Mwisho akaiandika amri ile ile hapo hapo, kwenye seva yenyewe, na diski ikaanza kujaa: asilimia tano, kumi na mbili, ishirini. Ikitumwa kutoka juu, hakuna kitu. Ikiandikwa hapa, inakubali. Kwa nini? Alikuwa bado anajiuliza mlango ulipofunguliwa.

"Dada, unafanya nini humu?" Chuma aliuliza, akasukuma komeo nyuma yake.

"Kazi."

"Kazi ya kumtoa kaka yako?"

"Bosi, mpelelezi yuko njiani."

"Ndiyo maana nimewahi."

Nondo mkononi mwake ilikuwa ile ile, hata kuifuta hakuwa ameifuta. Pigo la kwanza lilipasua skrini. La pili, la tatu na la nne yaliingia kwenye seva, feni zikalia na kunyamaza, bati likapinda, vipande vikamrukia Fundi usoni na kumchana shavu. Chuma alipiga bila haraka, kama mtu anayepasua kuni za nyumbani kwake. Fundi akainyakua diski, akaikumbatia kifuani.

"Toa."

"Sitoi!"

Alimkamata nywele, akambwaga chini, akamkanyaga mkono wa kulia kwa kiatu cha kazi chenye chuma mbele. Vidole viwili vilivunjika, na Fundi alivisikia vikivunjika. Diski ikamponyoka. Nondo ikaipiga mpaka ikawa mchanga na nyaya.

"Na yeye alikuwa mbishi hivi hivi," alisema Chuma, akihema. "Alipiga magoti, nikampiga. Akalala, nikampiga."

Fundi alikuwa kalaza shavu sakafuni, damu inamwingia mdomoni. Alimchukia mtu yule kwa chuki ambayo hakujua anayo. Na ajabu ya kichwa cha fundi, katika maumivu yale bado kilikuwa kinaitafuta hitilafu. Basi kikaiona. Amri yake ilikuwa na sehemu mbili: kusanya, kisha andika kwenye folda ya nakala. Kukusanya, seva ilitii. Kuandika, iliyotii ni kompyuta aliyokaa nayo yeye, kule juu. Nayo ilikuwa na folda ya jina lile lile, aliyoitengeneza siku ya majaribio akaisahau. Ndiyo maana kompyuta yake ilikuwa inalalamika imejaa. Wiki tatu anaitukana!

"Kuna nakala nyingine?" Chuma aliinama, nondo ikamgusa shingo. "Sema kweli."

"Hakuna," alisema, akalia kwa kwikwi. Machozi yalikuwa ya kweli, ya vidole, na Chuma akayaamini.

Mpelelezi, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, alifika saa nne kasoro. Chuma alimpokea mlangoni akijipangusa jasho.

"Umeme umelipua mitambo, afande. Huyu naye kateleza, masikini."

Fundi alisimama kwa kushikilia ukuta. "Afande, twende juu."

Ngazi thelathini, damu ikidondoka. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, Chuma akiwa mlangoni, uso umemshuka. Folda ikafunguka. Faili la Jumatatu lilikuwepo, zima. Akaiona picha ya kamera ya nyuma, saa sita na dakika nne: kaka kapiga magoti, mikono juu. Nondo. Nondo. Kaka kalala. Nondo.

Mpelelezi alitoa pingu, akamfunga Chuma. Chuma akaanza kupiga kelele kumwita shemeji yake, na hakuna aliyeitika.

Fundi hakugeuka kumtazama. Alikuwa amekumbuka Jumatatu jioni, kabla hajapata habari. Kompyuta ilikataa kunakili, ikasema imejaa. Kwa hasira akatafuta cha kufuta, akafuta faili moja kubwa, video ya harusi ya kaka, kaka anacheza na mama yao aliyefariki mwezi mmoja baadaye. Haikuwepo nyingine popote. Amri akaituma tena, ikapita: nafasi ya harusi ikachukuliwa na video hii.

"Ngoja niizime," alisema mpelelezi kwa upole.

"Iache," alisema Fundi.